Zamu ya Clive ya Kufua

Clive alikuja Borås, hapa Uswidi, akimfuata mkewe, Majken, na miaka yote Majken ndiye aliyemsemea. Majken alipofariki, binti yao aliyeko Leeds akamtaka baba arudi Uingereza. Clive akaomba asubiriwe mpaka baridi iishe: akishindwa kuishi nasi kwa kujisemea mwenyewe Kiswidi, atafungasha. Mimi, jirani wa mlango wa pili, sikutaka kabisa aondoke, basi nikajipa kazi ya ualimu.

"Barbro, kwetu 'my' ni moja tu," alinilalamikia tukinywa kahawa. "Kikombe, meza, viatu, vyote sawa. Nyie kila kitu mnakibadilishia. Nani aliamua?"

"Hata sijui. Sema."

"Kikombe yangu."

"Changu."

Mdadisi kuliko watoto. Aligusa taa, dirisha, andazi la mdalasini, akiuliza kila kimoja kinataka neno lipi, mpaka nikamwambia andazi ni la kuliwa. Lakini akitoka jikoni kwangu alikuwa bubu.

Jengo letu lina chumba kimoja cha kufulia. Kila nyumba ina kufuli lake dogo lenye namba, unalifunga kwenye ubao wa zamu, kwenye saa unayoitaka. Likishakaa pale, hata mfalme hakuingilii. Alhamisi moja nilishuka na Clive, tukakuta mashine zinanguruma. Kufuli la Clive na Majken lilikuwa mahali pake, kwenye saa hiyo, na Torsten wa ghorofa ya nne anahangaika kukunja shuka.

"Lile si la Majken?" Torsten aliniuliza mimi, bila kumtazama Clive. "Nilidhani halina mwenyewe tena."

Damu ilinichemka. Kabla sijampasha, Clive akanishika mkono.

"Mwenyewe mimi," alisema kwa Kiswidi. "Kufuli yangu. Zamu yangu. Naishi hapa."

Sikumsahihisha. Torsten uso ulimwiva kwa aibu, akazima mashine, akaanza kutoa nguo zikiwa na povu.

Clive akaninong'oneza kwa Kiingereza: "Nimwambieje amalizie za kwake? Umenifundisha yangu na changu tu."

"Hatukuwa tumefika huko," nikasema, nikampa neno.

Akalirudia mara mbili kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akamwambia Torsten: "Malizia zako." Akashika upande wa pili wa shuka, wakaanza kulikunja pamoja.

Nilipanda ngazi nikilia kwa furaha. Binti wa Leeds atangoja sana.