Ndugu wa Kifungu cha Tisa

Kazi yangu bungeni ni kuandika kila linalosemwa, na kulisafisha kidogo. Mheshimiwa akikohoa, mimi sikohoi naye kwenye karatasi. Akianza sentensi tatu akamaliza moja, namwandikia ile moja. Hakuna anayeshukuru. Kila mmoja akisoma kumbukumbu anadhani alizaliwa na ulimi ulionyooka.

Siku ile ulijadiliwa muswada wa malezi ya nyumbani. Kifungu cha tisa kilisema mgonjwa asiyejiweza atabaki kwake, na muuguzi wa serikali atamtembelea mara mbili kwa wiki, mradi awepo ndugu wa kujiandikisha kuwa mlezi wake. Asiye na ndugu atapelekwa kituoni.

Kwetu kifungu hicho kilikuwa na uso wa mtu. Kwenye mlango unaotazamana na wa mama yangu anakaa Mwalimu, mzee mstaafu aliyepigwa na kiharusi mwaka jana, kikamwachia mkono wa kushoto na maneno mawili matatu. Hana mke, hana mtoto, hana hata binamu wa kusingizia. Mama yangu, fundi cherehani, mjane, mwenye mdomo usio na breki, ndiye anayemlisha, anayembadilishia shuka na kumgombeza asipomaliza uji. Ofisa wa ustawi wa jamii alikwisha kumwonya kwamba sheria ikipita na Mwalimu hana ndugu, gari litakuja kumchukua. Mama akamjibu kwamba gari hilo lije na matairi ya akiba.

Sasa akasimama mbunge ambaye sisi waandishi tunamwita Kamusi, kwa sababu hawezi kupita karibu na neno bila kulifungua tumbo.

"Ndugu Spika," alianza, "hili neno 'ndugu' limelegea. Tukiliacha hivi hivi, kila mtu atakuwa ndugu wa kila mtu, na muuguzi atazunguka nchi nzima. Napendekeza tuongeze maneno mawili tu: 'wa damu'."

Alizungumza dakika ishirini. Akatupitisha kwa ndugu wa tumbo moja, ndugu wa baba mmoja, ndugu wa kunyonya, ndugu wa kuchanjiana. Wabunge wawili walisinzia na mmoja alikoroma, lakini koromo nalo huwa siliandiki. Nilimchukia mtu yule kwa dhati, na huku namnyooshea sentensi zake. Kila alipoongeza hoja nilimwona Mwalimu akipandishwa garini.

Ndipo akainuka mbunge mmoja aliyewahi kuwa muuguzi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya wodini.

"Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Mwenzangu alipoanza alikuita ndugu. Je, ni ndugu yako wa damu?"

Ukumbi uliokuwa umelala ukaamka. Kamusi akaruka.

"Sijasema hivyo! Najua kanuni kuliko yeye!"

Spika, mama asiyecheka kabla ya chai ya saa nne, alinigeukia. "Mwandishi, tusomee kumbukumbu."

Nikatazama nilichoandika. Kanuni zinataka "Mheshimiwa Spika", lakini wabunge wa siku nyingi ulimi huwateleza. Wakisema Ndugu, sisi tunaandika Mheshimiwa, bila hata kufikiri. Neno pekee ambalo lingemwokoa Mwalimu nilikuwa nimelifuta kwa vidole vyangu mwenyewe.

"Mheshimiwa Spika," nilisoma, "hili neno 'ndugu' limelegea..."

"Mmesikia!" Kamusi alipiga meza.

Mwandishi wa bunge hana mdomo, ana vidole tu. Ndivyo tulivyofundishwa. Ningependa kusema kwamba nilisukumwa na uaminifu, lakini ukweli ni kwamba nilimfikiria yule mzee, nikasimama.

"Samahani, Mheshimiwa Spika. Alisema Ndugu. Mimi ndiye niliyebadilisha. Huwa tunabadilisha."

Katibu wa Bunge alinitolea macho kama anayesoma barua yangu ya kuachishwa kazi.

"Kwa mheshimiwa huyu," Spika aliuliza polepole, "leo umebadilisha mara ngapi?"

"Mara saba."

Kicheko kilichozuka kilimwamsha hata yule mkoromaji, akapiga makofi bila kujua ya nini. Kamusi aliwageukia waliokuwa wakicheka, mmoja mmoja. Halafu, na hili nampa haki yake, akacheka pia.

"Basi ulimi wangu una utu kuliko mimi," alisema. "Nayaondoa hayo maneno mawili."

Sheria ikapita na "ndugu" likiwa peke yake, limelegea vizuri. Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikaambiwa nilichape mwenyewe, na Katibu akalisoma mara mbili kuhakikisha sijabadilisha kitu.

Wiki tatu baadaye ofisa wa ustawi alifika chumbani kwa Mwalimu na fomu yake. Nilikuwepo, nimetunisha kifua kama mwenye harusi.

"Uhusiano na mgonjwa: ndugu," alisoma. "Niandike hivyo, mama?"

Mama aliacha kukunja shuka. "Ndugu? Nani kasema huyu ni ndugu yangu?"

"Mama!" nilipayuka. "Bunge zima limegombana kwa ajili ya neno hilo! Mimi nusura nifukuzwe kazi!"

"Kwani nilikutuma? Uliniuliza?" Akanigeukia, mikono kiunoni. "Leo mkiniandika ndugu yake, kesho nitaolewa naye vipi?"

Nina miaka arobaini na miwili, na sikujua pa kuweka macho. Nikayapeleka kwa Mwalimu. Ule upande wa uso wake wenye nguvu ulikuwa unatabasamu, na mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ncha ya shuka ile ile aliyokuwa akiikunja mama.

Ofisa alikohoa. "Fomu haina nafasi ya mchumba, mama. Na bila ndugu, Jumatatu gari linakuja."

Mama alimtazama Mwalimu. Akaguna.

"Haya, andika ndugu," alisema. "Lakini kwa penseli."