Karatasi ya Fundi Masinde

Watu waliniita Ngigi wa Milango. Nilikuwa na karakana yangu ya useremala Gikomba, na kufikia mwaka wa themanini na mbili nilikuwa nimenunua nyumba mbovu mbili huku Eastlands, nikazitengeneza na kuziuza kwa faida. Kichwa kilikuwa kimenivimba, nakubali.

Ya tatu ilikuwa mtaa wa Mowlem, vyumba viwili vya mawe, juu bati. Niliinunua Januari, jua likiwaka, na huo ndio wakati mbaya kabisa wa kununua nyumba iliyokaa juu ya ule udongo wetu mweusi. Kiangazi unanywea, mvua ikija unavimba, na ukuta usio na msingi wa maana unaenda nao. Nilijua. Nani Eastlands hajui? Lakini bei ilikuwa tamu. Nikakagua bati, nikakagua milango, msingi sikuuchimbua.

Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa na ufa mwembamba, kutoka dirishani hadi sakafuni. Fundi wangu wa mawe, Masinde, mtu wa Bungoma asiyejua haraka hata akifukuzwa na mbwa, hakuuziba. Alikoroga gundi ya unga wa ngano, akakata ukanda wa gazeti, akaubandika kukatiza ule ufa, kisha akaandika tarehe kwa penseli.

"Hiyo ni nini sasa?" nikamwuliza.

"Shahidi," akasema. "Tungoje mvua ya Aprili ipite. Karatasi ikibaki nzima, nitaziba. Ikichanika, ujue nyumba bado inatembea, na itabidi tuchimbe msingi upya."

"Masinde, mimi nauza nyumba, sizifugi."

Alicheka kidogo, lakini karatasi hakuitoa. Kila nilipoingia chumba kile macho yangu yalikwenda kwenye karatasi ile kabla ya kitu kingine chochote. Kufikia mwisho wa Februari ilikuwa imekaza katikati, karibu kuchanika. Nikaichukia, kweli nikaichukia, karatasi tu.

Ndipo akapatikana mnunuzi. Aliitwa Khalayi, mjane aliyefanya kazi kiwanda cha blanketi, na alitaka kumtoa binti yake Nerima kwenye chumba cha kupanga. Alisema angekuja Jumamosi. Ijumaa asubuhi nikambandua shahidi wa Masinde kwa kucha zangu, nikajaza ufa saruji, nikapaka ukuta rangi ya maziwa mara mbili. Masinde nikamwambia kazi imekwisha.

Alikusanya vyombo vyake polepole. "Basi mwambie mnunuzi asilaze mtu upande huo," akasema, akaenda zake.

Sikumwambia. Tena Khalayi alipouliza kitanda cha mtoto kikae wapi, nilimwonyesha mwenyewe kwa kidole: pale, chini ya dirisha, penye hewa.

Mvua ya mwaka ule ilinyesha kama iliyotumwa. Mei, Khalayi akanifuata karakana, akaniita kwa jina la binti yangu. "Baba Wacera, mlango umekataa kufunga. Nadhani umevimba maji."

Nikabeba randa, tukaenda. Nilipoupima ule mlango, mbao zilikuwa sawa kabisa. Fremu ndiyo iliyokuwa imelala upande, pamoja na ukuta ulioishika.

"Pumzika kwanza unywe chai," Khalayi akasema, akiniingiza chumba cha kulala, maana ndiko kulikokuwa na kiti. "Na usitazame ukuta. Nilipogonga msumari plasta ilidondoka, nikaamua kuibandika kalenda kwa gundi ya unga. Sasa huyu mtundu ameichana. Jana nimemchapa."

Nerima alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani. Juu ya kichwa chake kalenda ya duka la mtaani ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini. Ilikuwa na picha ya ng'ombe. Kichwa kilibaki upande mmoja, na kiwiliwili kilikuwa kimeshuka upana wa kidole kizima.

"Si mimi," mtoto akasema, akinitazama mimi, si mamake. "Sikuichana."

Mvua ikaanza tena juu ya bati. Pesa za nyumba ile nilikuwa nimeshaziweka kwenye nyumba nyingine, mtaa wa Umoja. Ningeweza kupiga mlango randa, ninywe chai yangu, niondoke. Nilitaka kufanya hivyo, sitakuficha.

"Najua," nikasema.

Khalayi akaweka birika chini. "Unajua vipi, Baba Wacera?"

Sikuweza kumtazama. Nikamnyanyua Nerima, nikamweka karibu na mlango, kisha nikashika kitanda na kuanza kukivuta kutoka ukutani.