Namba ya Sanamu Lisilo na Matiti

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nakiri mapema kabla hamjaambiwa na wengine. Nilikwenda kulipiza kisasi na mkuki nimeushika kwenye ncha.

Kazi yangu hospitalini ni kukadiria mionzi. Mgonjwa akipigwa picha ya moyo kwenye mtambo wa CT, mimi napiga hesabu ya uwezekano wa mionzi ile kumletea saratani huko mbele. Vipimo tunavichukua kwenye sanamu la plastiki lenye kifua cha mwanamume wa makamo. Tunaliita Shemeji, maana linalala tu na halina msaada wowote.

Bosi wetu, daktari wa picha, wagonjwa walimbandika jina la Asali kwa utamu wa ulimi. Awe kikongwe, awe msichana, kila mtu alipewa namba ya Shemeji: mmoja katika elfu mbili. "Ni kama kuota jua tu, mama," humalizia. Lakini Shemeji hana matiti, wala hajawahi kuwa msichana. Titi la msichana ndilo linalokaa njiani mionzi ikielekea moyoni, na mwili mchanga una miaka mingi ya kuuivisha ugonjwa.

Dada yangu aliliota jua hilo akiwa msichana, mimi bado niko shule. Mtambo ungeweza kuwashwa pale tu moyo unapotulia, ila Asali alipenda picha za kupendeza, akauacha uwake mapigo yote, mionzi ikaongezeka mara kadhaa. Miaka ikapita, dada akakatwa titi la kushoto kwa saratani. Tangu niajiriwe pale, kila asubuhi nilikuwa naitafuna salamu ya Asali kabla ya kumtolea.

Kisha mpwa wangu, binti wa dada huyohuyo, akaanza kuzimia. Asali akaagiza picha ya moyo, kwa mtindo wake uleule. Nikasema moyoni, za mwizi arobaini. Nikapiga upya hesabu ya dada kwa mwili wake na umri wake wa wakati ule, nikaifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni, hadi mke wangu akauliza nagombea cheo gani.

Chumba cha mitambo kilikuwa na baridi. Nyuma ya kioo, mpwa wangu alikuwa amelala kitandani na gauni la hospitali, amebandikwa waya kifuani. Asali alikuwa mbele ya vitufe, dada kwenye stuli pembeni yangu. Nikaitua namba yangu.

"Mmoja katika mia na hamsini, daktari. Na huyo mmoja amekaa hapa."

Nilingoja aporomoke. Hata miwani hakuvua. Akaniuliza taratibu, kama mwalimu na mtoto wa darasa la pili, wale mia na arobaini na tisa wengine wako wapi, na wanawake wangapi wamekatwa titi bila kuuona mtambo huu hata kwa picha. Halafu akauliza hesabu yangu imejuaje kwamba ni huyu. Haikujua. Makadirio ni ya umati, hayamnyooshei mtu kidole. Mimi mwenyewe huwafundisha hivyo wanafunzi wa mazoezi, lakini hasira ilikuwa imenifutia ubao.

"Kumbe hesabu yako inanitetea mimi," akasema, akitabasamu ile asali yake. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kipaza sauti, amwambie binti avute pumzi na kuibana.

Dada akainuka, akakifunika kitufe kwa kiganja. Sauti hakupandisha.

"Ulinikatia tiketi ya bahati nasibu bila kuniuliza, leo unaniambia huenda sikushinda. Sawa, tuseme sikushinda. Lakini mwanangu hachezi mpaka umpe namba yake mwenyewe, na mtambo uwake moyo ukitulia tu. Ukitaka picha za kupendeza, kampige huyo mwanaume wenu wa plastiki."