Kisarafu cha Mwaka 1802

Rowena Tuttle aling'oa meno ya watu wa Baltimore mpaka alipostaafu, na hata alipotimiza miaka sabini mikono yake haikujua kutetemeka. Alikusanya sarafu za fedha za senti tano, zile za mwanzo kabisa wa taifa letu, vidude vyembamba kama gamba la samaki. Ukipiga chafya umekipoteza. Alikuwa navyo vya kila mwaka vilipotengenezwa, isipokuwa 1802. Garland Fisk, muuza vigae na mwenzetu katika chama cha wakusanyaji, alikuwa amekwama mwaka huohuo, na mapengo mengine juu yake. Kushindana kwao nilikukuta nilipojiunga na chama, wala sikuwahi kusikia kulianza lini.

Masika ya 1987 kisarafu cha 1802 kikaletwa mnadani, mjini kwetu. Kitabu cha mnada kilisema kimetoka kwa familia moja ya Ohio na historia yake haijulikani. Ijumaa asubuhi, siku ya kutazama mali, nilikaa karibu na Rowena. Alikishika ukingoni kwa vidole viwili, akakisogeza chini ya taa, akakikagua kwa lenzi. Kisha akanipitishia. Niliona sura ya yule mwanamke anayechorwa kuwa Uhuru, uso umesuguliwa na vidole vya watu waliokufa zamani. Upande wa pili tai, na juu ya bawa lake mikwaruzo miwili iliyokutana kama unyayo wa kuku.

"Hiki ni cha Hathorne," akaninong'oneza.

Hathorne alikuwa fundi saa wa Salem. Mali yake ilipigwa mnada mwaka 1912, kisarafu chake kikanunuliwa na mtu asiyetaja jina, na tangu hapo hakuna aliyekiona. Vitabu vya mnada ule vyenye picha vilichapwa vichache mno. Rowena alikuwa nacho kimoja, na picha ya bawa lile alikuwa ameitazama mpaka imemkaa kichwani.

Nilimshauri afunge mdomo. Kikiuzwa bila jina, angekipata kwa bei ya kawaida; kikitangazwa kuwa cha Hathorne, matajiri wa New York wangepiga simu. Alinisikiliza vizuri, akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa mwenye mnada na kumweleza kila kitu. Kabla ya saa sita tangazo lilikuwa limebandikwa mlangoni.

Garland alitufuata tukiwa mezani tunakula keki za nyama ya kaa wa baharini. Alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Daktari, umejichimbia kaburi kwa jembe lako mwenyewe," akasema. "Na mimi umenizika pembeni."

"Ningenyamaza leo, kesho ningelitajaje jina la Hathorne?" Rowena akamjibu. "Watu wangesema nimeiibia ile familia ya Ohio. Nakitaka na jina lake, hadharani."

"Utakilipia kwa pesa zipi?"

Hapo ndipo aliponishangaza. Alimwambia Garland kwamba anauza senti zake zote, seti nzima, vile vya 1796 alivyovililia Garland miaka yote vikiwemo. Bei ilikuwa ya haki, wala si ya huruma. Sharti lilikuwa moja: ajibu kabla sahani hazijaondolewa, kwani kuna mtu wa Boston anayesubiri jibu.

Garland aliuliza mara mbili kama anatania. Mtu huyo alikuwa amekuja na pesa za kununulia kisarafu kimoja, na sasa anawekewa mezani vyote vilivyobaki. Akatoa kitabu cha hundi. Alipokuwa akiandika, Rowena aliendelea kula kaa wake kwa utulivu, akaomba limau.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Bei ilipofunguliwa Garland aliinua mkono, akainua tena, kisha mkono ukabaki pajani. Nadhani ni wakati huo alipoelewa. Benki zilikuwa zimefungwa, na fungu lake la pesa lilikuwa kwa Rowena, limekaa mstari wa mbele, limevaa koti lake la sufu la kijani. Aligeuka akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepika njama hiyo.

Simu za New York zilipanda na Rowena hatua kwa hatua. Yeye hakuteremsha kadi yake hata mara moja. Aliiacha juu, kama mtu aliyeshika mwavuli, na anayetaka kupanda apande. Mwishowe simu ya mwisho ikakata tamaa. Nyundo ikagonga, na mwenye mnada akataja kwa sauti jina la Hathorne, kisha la Tuttle.

Garland alimfuata Rowena kwenye korido. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Umekinunua kwa pesa yangu mwenyewe, bibi wewe."

"Na wewe umepata seti nzuri kuliko zote Maryland. Nani kakuonea?"

Alijaribu kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akauliza kama anaweza kukishika. Rowena akamwambia akunjue kiganja, akakiweka katikati, naye akaondoa kofia yake kwa mkono mwingine.

Tulisimama hapo muda mrefu, watu wakitupita na mikoba yao, yule mwanamume akikigeuza kwenye mwanga wa dirisha na Rowena akimweleza mkwaruzo gani ulitangulia.