Kura ya Tembo wa Siagi

Saa tano na robo asubuhi, Jumamosi ya pili ya Februari, Verlin Oltmann aliegesha pikapu yake nje ya ukumbi wa maveterani wa Plover Creek, Iowa, akashuka na bakuli la viazi vya kuoka kwa jibini. Viazi vilikuwa vimeungua pembeni. Mkewe Arvilla alipokuwa akivipika havikuungua, lakini Arvilla alikufa mwezi Machi, na sasa mpishi alikuwa Verlin.

Alikufa akisubiri gari la wagonjwa. Zamani gari lilikaa pale pale mjini, nyuma ya kituo cha zimamoto. Halafu wakubwa wa kaunti wakaliona ni anasa, wakaliuza ili kodi ipungue, na siku moyo wa Arvilla ulipogoma, gari likatoka kaunti ya jirani. Lilichukua dakika hamsini na mbili. Kodi ya Verlin ilipungua kweli, hilo lazima lisemwe. Ilipungua kiasi cha kununua viazi.

Basi Verlin alikuja na hoja moja tu, na katibu akaiweka ya saba kwenye ajenda: gari lirudi. Katika kaunti ile kila mkubwa alikuwa wa chama cha Republican, kwa hiyo kamati ya chama ikishapitisha jambo, wakubwa hulitekeleza. Wademokrat walikuwepo sita, wakikutana jikoni kwa mwalimu mstaafu, na mmoja wao alikuwa anakwenda kwa ajili ya keki.

Kamati yenyewe ilikuwa imepasuka katikati. Huku Wakaza Mkanda, chini ya mwenyekiti Dwaine Kesterson, waliotaka serikali isitumie hata senti. Kule Wazalendo, chini ya makamu wake Marlys Tjaden, ambaye ni dada wa mke wa Dwaine. Hao walitaka bidhaa za nje zitozwe ushuru mpaka zikome kuja. Wote walikuwa wahafidhina, na kila upande uliuita ule mwingine wahafidhina wa kuchovya. Hawakupakua chakula kwenye bakuli moja. Marlys hakulijali sana gari la wagonjwa. Alichojali ni kwamba shemeji yake hakulitaka, basi yeye akalitaka, na watu wake wakalitaka pia.

Kwa hesabu ya siku hiyo, na Verlin akiwemo upande wa Marlys, ilikuwa kumi na wanne kwa kumi na wanne. Kura zikilingana hoja huanguka. Kiti cha ishirini na tisa kilikuwa cha Arvilla.

Beji zilipangwa kwenye meza mlangoni, na ya Arvilla ilikuwepo. Kumfuta marehemu kulihitaji hoja, na kwa miezi kumi na moja hakuna upande uliokubali kuunga mkono hoja ya mwenzake. Verlin aliichukua. Hakutaka kuiacha pale ikimwagiwa kahawa. Katikati ya ukumbi, juu ya meza, alisimama tembo wa siagi kama wa kila mwaka, maana tembo ndiye nembo ya chama, mkubwa kama ndama, ratili mia mbili za siagi, ambaye mkutano ukiisha hupakwa kwenye mikate. Verlin alimbandika beji kifuani kwa kuwa palikuwa pasafi.

Tembo akatikisa masikio. Akashuka mezani mguu mmoja mmoja, akaenda kukaa kwenye kiti cha Arvilla, safu ya tatu, karibu na birika la kahawa. Kiti kikakunjika. Akaletewa benchi.

"Mwenyekiti," alisema Marlys, "yule ana beji."

"Nimeona."

"Kifungu cha tisa. Mwenye beji ndiye mjumbe. Mliandika wenyewe."

Waliandika wenyewe kweli, miaka miwili nyuma, ili watu wa Marlys wasiingize wageni. Dwaine alikisoma kifungu mara mbili, akitafuta mahali kinaposema mjumbe asiwe siagi. Hapakuwa mahali hapo.

"Haya," alisema. "Basi atuambie yuko upande gani."

Tembo alichukua kitambaa cha karatasi kwa mkonga wake, akakikunja mara nne, akakiweka kando ya sahani. Arvilla alikunja hivyo hivyo miaka arobaini. Verlin aliona, akasogeza kiti chake karibu, akampakulia viazi.

"Huyo wetu," alisema Marlys. "Maziwa ya Iowa matupu, hana tone la Kanada."

"Kiwanda kilichomtengeneza kinakula ruzuku ya serikali."

"Na mahindi yako je, shemeji? Hayali?"

"Yangu si ruzuku. Ni bima."

"Bima! Haya, na mimi nina miaka kumi na tisa."

Katibu akasoma ajenda. Alipofika ya saba, gari la wagonjwa, tembo aliinua mkonga juu kabisa. Dwaine alihesabu kwa midomo mpaka kumi na tano. Kisha akatoa funguo zake.

Kidude cha kupanga joto la ukumbi kilikuwa ukutani, ndani ya kikapu cha waya chenye kufuli. Dwaine alikifungia humo miaka sita iliyopita, kwenye digrii hamsini na nane za Fahrenheit, kuokoa gesi ya chama. Watu walikutana na makoti yao, wengine na glovu. Bibi mmoja aliwahi kuomba digrii mbili za ziada, akahubiriwa nusu saa juu ya deni la taifa. Siku hiyo Dwaine alifungua kufuli kwa mkono wake, akapandisha joto mpaka tisini, akafunga, akatia ufunguo mfukoni.

"Mungu akubariki, Dwaine," alisema bibi yule, akivua koti.

"Tunaanza na ya kwanza," alisema Dwaine. "Ushuru wa bidhaa za nje. Nani anataka kuchangia?"

Walitaka wote. Dwaine alisema ushuru ni kodi iliyovaa kofia ya kizalendo. Marlys akamwambia trekta lake limetoka Japani, na kofia yake yenye bendera imeshonwa China, aivue aone. Dwaine akaivua, akaona, akaivaa tena. Akaeleza kwamba bendera ni bendera. Wakati huo masikio ya tembo yalianza kung'aa.

Verlin alisimama. "Mwenyekiti, naomba tuanze na ya saba."

"Tufuate utaratibu, Mzee Verlin."

"Anayeyuka."

"Utaratibu ni utaratibu."

Verlin akamwinamia Marlys. "Marlys, nakuomba, nyamaza dakika tano tu. Ukinyamaza tutafika."

"Nimwachie huyu neno la mwisho? Kwa lipi? Alimwoa dada yangu, hiyo inamtosha."

Basi Verlin akamwaga viazi kwenye sahani za watu, akatoka nje na bakuli tupu, akarudi nalo limejaa theluji. Akaishindilia kwenye miguu ya tembo. Akatoka tena. Alifanya safari kumi na moja, na kila aliporudi walikuwa wamesogea ajenda moja au hawajasogea kabisa. Ya tatu, kumkaripia mbunge wao aliyepigwa picha akicheka na Mdemokrat, ilikula dakika arobaini, kwa sababu wengine walitaka akaripiwe kwa kucheka na wengine kwa picha. Ya tano ilikuwa kuchagua rangi ya vitambaa vya meza. Hiyo walipiga kura mara tatu.

Saa nane kasorobo wakafika ya saba. Watu walikuwa wamebaki na fulana. Miguu ya nyuma ya tembo ilikuwa imetiririka chini ya benchi na kuelekea jukwaani, ile ya mbele ilikuwa imebaki vifundo, na beji ilikuwa imeshuka mpaka tumboni. Mkonga alikuwa bado ameuinua.

"Wanaokubali wasimame," alisema Dwaine.

Kamati ile hupiga kura kwa kusimama. Zamani walinyoosha mkono, mpaka binamu mmoja wa Marlys aliponyoosha yote miwili akahesabiwa mara mbili. Dwaine ndiye aliyeleta kanuni mpya.

Wazalendo wakasimama. Verlin alimshika tembo kiunoni, mikono ikazama mpaka viwiko.

"Simama, Arvi," alisema polepole. "Mara moja tu."

Tembo alijitahidi, kila mtu aliona. Benchi lilitoa mlio. Kisha akakaa tena, chini zaidi ya alipokuwa.

"Ameinua mkonga!" Marlys alipaza sauti. "Mnauona!"

"Kanuni inasema kusimama, shemeji. Kumi na wanne. Wanaokataa? Kumi na wanne. Hoja imeanguka."

Hapo ndipo mkonga ulipoanguka.

Dwaine akagonga nyundo yake, akakumbuka gesi. Alishuka jukwaani mbio, ufunguo mkononi, akakanyaga pale tembo alipokuwa amefika. Nyonga yake ikalia kama kuni kavu. Alipolala sakafuni alimnyooshea Marlys ufunguo.

"Hamsini na nane," alisema. "Tunaunguza pesa bure."

Marlys akarudisha joto, kisha akashika nyundo, maana sasa yeye ndiye aliyeongoza kikao. Katibu akapiga simu kaunti ya jirani.

"Watafika lini?" aliuliza Dwaine.

"Dakika hamsini na mbili," alisema Verlin, bila kutazama saa. Mikono yake ilikuwa bado na siagi. "Makamu mwenyekiti, naomba ya saba irudiwe. Sasa hivi."

Hata Dwaine aliunga mkono, kutoka sakafuni.

"Wanaokubali wasimame," alisema Marlys.

Verlin alikuwa amesimama tayari. Wakaza Mkanda hawakuinuka, kwa kuwa mwenyekiti wao aliwafundisha miaka sita kutoyumba. Marlys alimtazama shemeji yake pale chini, akaona kwamba gari likirudi litamfaa, akatulia kitini, na watu wake wakatulia naye. Dwaine alinyoosha mkono. Alipoona haandikwi, akanyoosha na wa pili.

"Mikono haihesabiki, shemeji," alisema Marlys. "Kanuni yako hiyo."

Mmoja alikubali, ishirini na sita walikataa. Katibu akaandika.

Wakasali, wakala. Siagi ilikuwa nzuri mwaka huo, ya chumvi kidogo, na kwa mara ya kwanza Wazalendo na Wakaza Mkanda walichota mahali pamoja, kwa kuwa ilikuwa imetapakaa pote. Dwaine alifunikwa makoti matano. Verlin alikaa chini karibu naye, akampakia mkate siagi na kumlisha vipande vidogo vidogo, kwa sababu ukisubiri gari lile lazima ufanye kitu kwa mikono, na yeye alishalijua hilo.

"Vipi, Mzee Verlin?" aliuliza Dwaine. "Zimepita ngapi?"

"Tisa."

Muda ulikuwa mwingi, basi kamati ikapokea hoja nyingine. Kwa kauli moja, bila mtu kupinga, walipitisha kwamba tembo wa mwakani awe wa jibini, kwa kuwa jibini husimama muda mrefu zaidi. Katibu aliiokota beji ya Arvilla chini ya benchi, akaifuta kwa kitambaa kilichokuwa kimekunjwa mara nne kando ya sahani, akairudisha kwenye kasha pamoja na nyingine, kwa kuwa hakuna aliyetoa hoja ya kumfuta.