Upande wa Nyungu Ulioelekea Ukuta

We unayesoma, umeshakuwa na kitu nyumbani ambacho upande mumoja unaonyesha watu, na upande mwingine unaonyesha ukuta?

Mimi nilikuwa nacho: nyungu ya mama yetu ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, nyeusi, shingo fupi, tumbo la mviringo lenye mistari mitatu aliyochora kwa kucha. Yaya Feza, dada yangu mukubwa, aliniachia niichunge alipohamia Kipushi. Miaka mine iliyopita niliiangusha. Nikaziba tundu kwa udongo, nikapaka sirage ya viatu, nikaligeuzia ukuta.

Mujukuu wangu Wivine, anayeniita kambo, anasoma mambo ya ordinatere, ya kompyuta, pale iniversite. Alikuja kupiga nyungu picha kwa kazi yake. Alipotaka kuigeuza nikamushika mukono.

"Nyungu ya marehemu mama haigeuzwe, mutoto. Iko kizila."

"Pardon, kambo."

Kizila hicho, mwiko wa uongo, nilikitunga palepale, na jina la mama mudomoni.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, Wivine alituita, mimi na yaya Feza. Tulikaa barza, maana siku hizi wageni wangu hawaingii ndani. Kwenye ordinatere kulikuwa wavu wa mviringo kama balo ya mupira. Wivine alitueleza polepole: kila fundo la wavu linavutwa kidogo kidogo, mpaka likute ukingo wa nyungu ulioonekana kwenye picha. Wavu ukabana shingo, ukalala juu ya tumbo. Nilidhani naona vidole vya mama. Kisha Wivine akaizungusha. Nyuma ilikuwa imevimba kama shavu la mutu mwenye jino bovu.

"Eh! Hii nyungu iko na mimba?" Feza alicheka.

Wivine hakucheka. "Pale sina picha. Mafundo hayana kitu cha kuyashika."

"Na profesa akiuliza sababu gani haukupiga nyuma?" Feza akauliza.

"Nitasema nilisahau. Anikatie tu point. Siwezi kumutia kambo mu mambo ile."

Uso wangu uliwaka. Mutoto wa watu abebe uvivu ambao si wake! Niliinuka, magoti yakalia, nikaingia ndani, nikaleta nyungu kifuani. Niliigeuza mbele yao. Sirage ilikuwa imebanduka, udongo umepasuka, tundu kama ngumi ya mutoto muchanga.

"Hakuna kizila," nilisema. "Ni mimi niliivunja."

Wivine alichukua telefone yake. "Usiisogeze, kambo." Akaanza kupiga picha, moja, nyingine, akizunguka taratibu.

Feza alipitisha kidole kwenye tundu.

"Ndiyo sababu miaka mine unanikalisha barza tu?"

Sikuweza kumutazama. Nilitazama viatu vyake, na vumbi nyekundu ya njia ya Kipushi.

"Mimi sikutaka nyungu, mudogo yangu," alisema. "Nilitaka tu kuingia ndani, tukae chini siye wawili, tunywe munkoyo."