Chumba cha Cherehani

Nyumba ya kwanza niliikataa kwa sababu ya kufuli. Wasichana wanne, jiko moja, na kila mmoja ana kabati lake lililofungwa. Hata kopo la chumvi lilikuwa limezungushiwa waya. Nikawauliza, jamani, chumvi nayo inaibiwa? Aliyenifungulia mlango akanijibu bila kucheka kwamba iliwahi kuibiwa. Nikaaga. Nyumba ya pili mlango wa bafu haukuwa na kitasa, na mwenye nyumba, kijana mwenye ndevu za kuhesabika, akaniambia nisijali, humo ndani watu hukohoa kabla ya kuingia. Nikamwambia mimi nikiwa naoga sikai kusikiliza kikohozi cha mtu.

Mama akanionya kwenye simu: kwa mdomo huo utalala stendi. Na kweli nilikuwa na siku mbili tu kabla ya kuanza mafunzo ya vitendo ya miezi sita kwenye maabara ya hospitali, na begi langu lilikuwa kwa rafiki ya binamu yangu, ambaye alishaanza kuniuliza naondoka lini kwa ile sauti ya upole inayokera kuliko matusi.

Nyumba ya tatu ndiyo ya Shangazi. Si shangazi yangu, na sijui kama alikuwa shangazi wa mtu yeyote, ila jengo zima lilimwita hivyo, kuanzia mlinzi wa getini. Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini na tisa, mrefu, mwenye futi ya kupimia shingoni saa zote. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, anaingia nyumbani mara mbili kwa mwezi. Shangazi hakupenda kula peke yake, basi kila mwaka alichukua mwanafunzi mmoja wa mafunzo akampa chumba.

Aliniangalia juu mpaka chini, akaniuliza swali moja tu.

"Unakoroma?"

"Sijui. Huwa nimelala."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kalete begi lako."

Fleti ilikuwa ghorofa ya nne: sebule, vyumba viwili, na kijichumba cha tatu chenye dirisha la upande wa asubuhi. Mwenye jengo alikiita stoo. Shangazi alikiita chumba cha cherehani, na humo ndimo alimoshinda, mguu kwenye kanyagio, vitambaa vimemzunguka mpaka kiunoni.

Mwezi wa kwanza tulikuwa paka na panya. Mimi naacha nguo kwenye ndoo siku mbili, yeye anaacha pini kila mahali. Nilichomwa kisigino nikatoa maneno ambayo mama yangu akiyasikia atanikana. Tuliwahi kukaa siku mbili hatusemeshani kwa ajili ya taulo. Taulo! Siku ya tatu akaita kutoka jikoni, "Wewe mnunaji, chakula kinapoa," nikaenda, tukala, habari ya taulo ikaishia hapo. Siku nyingine narudi nakuta dirisha langu lina pazia jipya na koti langu jeupe la kazini limepunguzwa mikono, kwa sababu, alisema, lilinifanya nionekane nimeazima kwa baba. Nilimpenda. Nasema hivyo hivyo bila kuzunguka. Mtu nisiye na undugu naye hata wa kuokoteza, nikampenda.

Jambo lake kubwa aliniambia siku moja akiwa anapinda suruali, hakuinua hata macho.

"Hiki chumba hakikuwa cha cherehani, ujue. Tulipohamia hapa tulikiacha kitupu kabisa. Miaka minne tunaangalia ukuta. Mwaka wa tano nikasema basi, cherehani iingie, angalau pawe na kelele."

Hakulia. Mimi, niliyezoea kuwa na la kusema kuhusu kila kitu, nilikaa nikaokota pini sakafuni.

Kazini bosi wangu alikuwa fundi mkuu wa maabara, tukimwita Mzee Kioo kwa sababu alikuwa anaishi ameinamia hadubini. Dirisha letu la kupokelea vipimo lilikuwa wazi, na wagonjwa walikaa kwenye benchi mita moja tu kutoka tulipo. Kwa hiyo Mzee Kioo alikuwa na lugha yake. Humo ndani jina la ugonjwa halitamkwi. Chembe za damu zilizokomaa aliziita wazee. Zile changa, ambazo zilitakiwa zibaki ndani ya mifupa zisionekane kabisa kwenye damu, aliziita watoto. Unaangalia kioo chenye tone la damu, anakuuliza kutoka upande wa pili, "Wazee au watoto?" nawe unajibu, na mgonjwa pale kwenye benchi anadhani mnazungumza habari za nyumbani. Watoto wachache, unarudia kipimo. Watoto wengi, unafunga mdomo, unaandika, unampelekea daktari wa damu ambaye hufika Jumatatu tu. Na mwanafunzi akimwambia mgonjwa majibu, anarudi kwao siku hiyo hiyo. Hilo alilisema siku ya kwanza na kila wiki alitukumbusha.

Mwezi wa tatu Shangazi alianza kuchoka. Nilimkuta mara mbili amelalia cherehani. Akijigonga kidogo tu anapata doa jeusi, mswaki wake una damu, siku zake zimeruka. Nikamwandama. Asubuhi nenda kapime, jioni umepima? Akaniita daktari wa miezi mitatu, akasema ni uzee unabisha hodi, lakini Alhamisi moja nikamvuta mkono mpaka hospitali. Nilimtoa damu mimi mwenyewe. Nikaandika kwenye chupa namba arobaini na moja, nikampa karatasi yake yenye namba hiyo hiyo, akaitia kwenye pochi.

Ijumaa asubuhi nikafanya kosa langu. Chupa yake ilikuwa nyuma ya foleni, nikaivuta mbele. Nilitaka nirudi nyumbani na maneno ya kumtania, damu yako ndogo, kula mboga, acha kunywa chai tupu. Ningeiacha pale ilipo, angeisoma mtu mwingine, na mimi ningesikia habari kama jirani yeyote.

Niliangalia kioo. Nikafuta lenzi, nikaangalia tena. Nilitengeneza kingine kipya kutoka kwenye chupa ile ile, nikahesabu moja moja. Watoto walikuwa wamejaa. Sikumkuta Mzee Kioo, alikuwa kwenye kikao. Nikamwachia fomu mezani, nikamaliza zamu yangu sijui vipi, nikarudi nyumbani.

Nilikuwa jikoni nachemsha maji simu ilipoita. Mzee Kioo hakupoteza salamu. Ile fomu uliyoniachia, una hakika?

"Arobaini na moja, ndiyo," nikasema. "Ni watoto, mzee. Nimerudia, nina uhakika."

Akaniambia nifunge mdomo mpaka Jumatatu. Nikasema ndiyo. Nikageuka, Shangazi yuko mlangoni na futi yake shingoni, mikono miwili ameiweka mdomoni.

Nilidhani ameelewa. Niliita tu, "Shangazi."

"Usiseme," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka naye anacheka. "Usiseme kitu, sheria zenu nazijua, sitaki ufukuzwe. Sikukuuliza na hukunijibu. Watoto! Yaani si mmoja?"

Ilinichukua muda kuelewa. Ninapokumbuka sasa naona ilikuwa sekunde tatu, nne. Uchovu, siku zilizoruka, namba yake, neno lile. Mtu aliyesubiri miaka yote hiyo angesikia nini kingine?

"Shangazi, subiri daktari Jumatatu," nikasema.

"Nitasubiri. Nimesubiri miaka minane, nitashindwa siku tatu?" Akanishika mashavu. "Uso wako huo unasema kila kitu, mwanangu. Hujui kuficha."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mimi, mwenye mdomo wa kumgombeza kila mtu kuanzia kondakta mpaka mwenye nyumba, nilisimama pale na sufuria inachemka, nikakaa kimya. Nilijiambia ni sheria. Nilijiambia kama majibu ni ya daktari, basi hata kosa la kuyaelewa ni la daktari kulirekebisha. Niliogopa kufukuzwa, hiyo ni kweli. Lakini zaidi niliogopa kuuona ule uso ukibadilika nikiwa mimi ndiye niliyeubadilisha.

Akampigia mumewe pale pale. Niliisikia sauti ya yule mwanaume ikitoka kwenye simu, mwanaume wa watu ambaye kwa kawaida husema maneno kumi kwa siku, akiuliza "Nini? Sema tena. Sema tena." Kisha akasema anatafuta mtu wa kumshikia lori, anarudi.

Jumamosi asubuhi Shangazi alikuwa anaimba. Akanigongea mlango, akaniambia niamke, kuna kazi ya mikono minne. Alitaka kutoa cherehani.

"Si mapema mno?" nikamwambia. Nilijaribu, jamani. Kwa kweli nilijaribu, lakini kijinga. "Jumatatu si tutakuwa tumejua?"

"Wewe umeshajua," akanikonyeza. "Acha kunipiga chenga. Nataka baba yao akiingia akute ukuta mtupu kama zamani, aelewe mwenyewe. Shika huku."

Nilishika. Cherehani ile ilikuwa ya chuma, ya miguu, nzito kama dhambi. Kila hatua mbili tunaitua, anapumua, anaegemea mlango, anacheka kwamba wanawe wana uzito kabla hawajafika. Nilimwambia aniachie, nitaiburuta peke yangu, akakataa. Tukaiweka chumbani kwangu, miguuni pa kitanda, akaniomba radhi kwa kunibana: "Utavumilia mpaka mafunzo yaishe. Ukirudi kututembelea tutakuwa tumepata nyumba kubwa." Kisha akarudi kule kufagia vipande vya nyuzi. Nilimsikia akihesabu hatua, kutoka dirishani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka pembeni.

Mumewe aliingia Jumapili mchana na vumbi la njiani. Hakuketi. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye kile kijichumba akasimama katikati. Mimi nilitoka nikaenda kuzunguka barabarani mpaka jioni, nikasoma mabango ya maduka yote, na sikumbuki hata moja.

Jumatatu walikwenda wote wawili kwa daktari. Niliwaona kutoka dirishani kwetu, wamekaa kwenye benchi wamevaa vizuri kama wanaokwenda kwenye harusi ya mtu. Mzee Kioo alikuja nyuma yangu, akaangalia nilikokuwa naangalia, akaniuliza yule ni nani kwangu. Nikamwambia. Akaniambia nikae chini. Nikamwambia na mengine yote, simu, neno, cherehani. Alivua miwani akaishika tu, mzee wa watu. Neno lilikuwa lake, alilitunga ili mtu wa benchi asiogope.

Nilipofika nyumbani jioni, mume alikuwa sebuleni na funguo za lori mkononi, anazigeuza. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti kilichonyooka. Hakuwa na futi shingoni. Aliniambia niketi.

"Daktari amenieleza vizuri," akasema. "Ugonjwa ni saratani ya damu, matibabu ni marefu, huenda yakashika, huenda yasishike. Hilo silo la kukuuliza wewe. Nakuuliza kitu kimoja. Jumamosi, tulipobeba cherehani, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na Ijumaa, nilipompigia huyu?"

"Nilijua, Shangazi."

Mumewe akasema taratibu, "Mtoto wa watu ana sheria za kazi yake. Angefukuzwa."

"Naijua sheria yenyewe," Shangazi akasema, bila kumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi, na hapakuwa na hasira machoni mwake, heri ingekuwepo. "Sheria ilimkataza kuniambia nina nini. Haikumkataza kuniambia sina nini."

 Jibu lake nimelitafuta tangu siku ile, nikiwa kazini, nikiwa njiani, na sijalipata. Neno "hapana" moja tu lingetosha, Ijumaa ile jikoni, na hakuna mtu duniani ambaye angenifukuza kwa hilo.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe. Ungekuwa mtoto wangu ningekusamehe vilevile." "Ila siwezi kukuona asubuhi. Nikikuona naiona ile Jumamosi. Nenda kapumzike, mwanangu. Kesho uanze kutafuta nyumba."

Nikaenda chumbani. Ilinibidi nipite kwa ubavu kati ya cherehani na kitanda. Kupitia ukutani nilimsikia akilia na mumewe akimbembeleza, na mimi nikaweka mto mdomoni, maana nyumba ile ilikuwa yao, na kilio kilikuwa chao.